Tangu Lini?

Nimeandika makala kumi kuhusu matibabu ya wanaume wasiopata watoto, na hakuna hata moja yenye jina langu. Ndiyo kazi ya uandishi wa kukodishwa. Mteja yuko ng'ambo, ananitumia yale maneno ambayo watu huyatafuta Google usiku wakiwa peke yao, na mimi nayageuza kuwa makala ya maneno elfu mbili kwa dola ishirini. Ya kwanza niliandika 2022, kwenye chumba cha kupanga Embu mjini, tokeni za stima zikiwa zimebaki za saa moja. Kufikia ya tano sikuhitaji tena kusoma kitu. Nilikuwa najua.

Najua, kwa mfano, kwamba kati ya watu wazima sita duniani mmoja hupitia shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo Aprili 2023. Najua kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo mwanamume ana mchango, awe peke yake au pamoja na mke. Najua mbegu ya kiume huchukua siku kama 74 kuundwa, ndiyo maana ukianzishiwa dawa leo hupimwi tena wiki ijayo, unapimwa baada ya miezi mitatu hivi. Kitu nilichokuwa sijui ni swali ambalo hakuna mteja amewahi kulilipia: mwanamume akishajua, siri hiyo ni ya nani?

Nitakusimulia kwa kisa cha nyumbani. Majina nimeyabadilisha, na mwishoni nitakwambia nani aliniruhusu.

Kaka yangu Nyaga ni dereva wa matatu ya Embu–Meru. Ukimpata asubuhi stendi ya Embu, utapita naye Runyenjes, mto Thuci, Chuka, Nkubu, halafu Meru. Ni kwenye hiyo barabara alimpata mke wake. Kawira ni wa Nkubu, na alikuwa abiria wa kiti cha mbele kwa mwaka mzima kabla hajakubali kumpa namba ya simu. Wameoana 2018. Kufikia Februari 2024 hawakuwa na mtoto, na kwetu hilo si jambo la watu wawili. Kwetu Embu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba. Baba yetu alikuwa Njeru, na alitutoka 2019. Tangu siku tuliyomzika, mama amekuwa akimngoja arudi. Hasemi "mjukuu." Anasema "Njeru."

Nyaga alinipigia simu akaniambia nipande gari lake hadi Meru, nisilipe, nisiulize. Alitaka kupimwa mbegu Meru kwa sababu Embu anajulikana na kila mtu, kuanzia makanga hadi askari wa trafiki. Alienda maabara moja ya kibinafsi, akapewa kikopo, akaonyeshwa choo. Siku mbili baadaye tulirudi kuchukua karatasi. Aliifungulia ndani ya gari, akaitazama, akanipa. "Wewe ndio msomi," akasema. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu.

Ilikuwa karatasi ninayoijua kuliko ninavyojua vitambulisho vyangu. Kiasi cha manii, sawa. Halafu mstari wa idadi ya mbegu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, kiwango cha chini cha kawaida ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Kwa Nyaga waliandika sifuri.

"Hiyo ni chini sana?" akaniuliza.

"Si chini, bro. Hakuna."

Akawasha gari. Tulifika hadi Chuka bila neno.

Sifuri moja haitoshi kumhukumu mtu. Kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa, na mara ya pili maabara huzungusha manii kwa mashine ili kama kuna mbegu chache zikusanyike chini zionekane. Machi alirudia. Sifuri tena. Akaenda kwa daktari bingwa, akapimwa homoni, akaguswa korodani. Daktari akamwambia njia ya kutokea haijaziba. Kiwanda chenyewe ndicho kimesimama, au karibu kimesimama. Akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi akiwa kijana. Aliwahi, akiwa Form Two, bweni zima lilivimba mashavu, na yeye akavimba na kwingine ambako aliona aibu kumwambia matroni. Daktari alisema huenda ni hiyo. Hakuapa.

Hapa ndipo ile kazi yangu ya dola ishirini ilipokutana na mtu. Makala zangu zote zina orodha moja. Kuna mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo hufungwa kwa upasuaji mdogo, na mbegu huweza kuongezeka. Kuna maambukizi, ambayo hutibiwa kwa dawa. Kuna njia iliyoziba, au iliyofungwa kwa hiari ya mtu, ambayo mara nyingine huzibuliwa. Kuna wale ambao ubongo wao hautumi homoni za kutosha; hao wakidungwa sindano zinazofaa kwa miezi mingi, wengi hupona vizuri. Na kuna vijana wa jimu wanaojidunga testosteroni ili wawe wanaume zaidi, na ile sindano ndiyo inazima utengenezaji wa mbegu. Kwa wengi hao, tiba ya kwanza ni kuiacha kwa usimamizi wa daktari na kungoja.

Nyaga hakuwa mmoja wa hao wote. Lake lilikuwa na milango miwili. Wa kwanza: kufunguliwa korodani na kutafutwa kwa darubini kama kuna kipande kidogo ambacho bado kinatengeneza mbegu. Ni kama kurusha shilingi. Zikipatikana, mbegu moja hudungwa ndani ya yai moja kwenye maabara. Njia hiyo ya kudunga, inayoitwa ICSI, ilileta watoto wa kwanza kutoka Brussels mwaka 1992, na watoto wa kwanza wa IVF hapa Kenya walizaliwa Nairobi 2006. Kwa hivyo si hadithi ya ng'ambo, ipo. Lakini unahesabu kwa laki, na laki zenyewe si mbili. Mlango wa pili: mbegu za mwanamume mwingine. Nje ya hiyo milango kuna kuasili mtoto, na kuna kuishi wawili na kuitwa hivyo hivyo, Nyaga na Kawira, bila Baba fulani wala Mama fulani.

Alinisikiliza nikimweleza hayo yote. Halafu akasema kitu kimoja tu. "Kawira asijue."

Nikamuuliza kwa nini. Akanikumbusha.

Mimi niliacha chuo 2021. Sikufukuzwa, na sikuishiwa karo hapo mwanzo. Niliacha tu kwenda darasani, siku moja, halafu wiki, halafu ikawa muhula. Nyaga aligundua kwanza. Nilimwomba asimwambie mama, na alininyamazia miezi minane. Katika hiyo miezi minane mama aliuza ng'ombe alipe karo ya muhula ambao sikuwa nimejiandikisha. Alinitumia pesa kwa simu, akanipigia kuhakikisha zimefika, akacheka, akaomba juu ya masomo yangu. Nilikula hizo pesa. Nilizilipia nyumba na intaneti, na ndiyo hiyo intaneti iliyonipa kazi ninayofanya hadi leo.

"Nilikufichia," Nyaga akasema. "Sasa ni zamu yako."

Nikakubali. Usinihukumu haraka. Deni ni deni.

Sasa nikuhesabie mwaka wa Kawira. Aprili 2024, mwezi mmoja baada ya sifuri ya pili, alienda kupigwa ile picha ya eksirei ambapo dawa husukumwa ndani ya mirija ya uzazi waone kama imeziba. Alirudi ameinama. Mirija yake ilikuwa wazi. Juni, tata yetu mmoja alimletea mizizi kwenye chupa ya soda, akainywa mwezi mzima akitapika. Agosti alienda kwao Meru kwenye kesha la siku tatu, akifunga. Septemba alinunua vidonge vya kuchochea mayai ambavyo rafiki yake alisema vilimsaidia. Vilimpa joto usiku na kuumwa kichwa mchana. Wakati huo wote ile karatasi ilikuwa ndani ya bahasha, kwenye dashibodi ya gari alilokuwa akipanda kwenda kwao kuombewa.

Nami nilikuwa najua. Nilikula kwake Jumapili nyingi mwaka huo. Siku moja alinipakulia mukimo akaniuliza, kwa sababu anajua ninachoandika, kama mwanamke mwenye mirija wazi na hedhi ya kawaida anaweza kuwa na shida nyingine isiyoonekana. Nilimwambia inawezekana. Haikuwa uongo. Kwenye vitabu inawezekana. Nilikuwa nimejifunza kuficha jambo bila kudanganya, na niliogopa vile ilikuwa rahisi.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Nyaga, kwa sababu hoja zake si za mtu mjinga.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba mwili ni wake. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na daktari hawezi kumpigia mke wako simu akamsomea matokeo yako. Hiyo ni sawa, na ningeogopa kuishi nchi ambayo si hivyo. Mwanamume mwenye sifuri anachekwa. Tembea Embu mjini uone vibandiko kwenye nguzo za stima: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anaongeza nguvu za kiume. Watu wetu wameyachanganya mambo mawili. Wanadhani asiyezalisha hawezi kitandani, na asiyeweza kitandani si mwanamume. Nyaga hakuwa na shida yoyote ya kitandani. Wengi wenye sifuri hawana, ndiyo maana hawashuku. Lakini utaenda kumweleza nani hilo stendi? Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka wetu, abiria wa Nyaga walikuwa na mada moja wiki nzima, na kila safari palikosekana mtu wa kukataa kusema kwamba muguka unamaliza wanaume wa Mbeere. Walicheka sana. Dereva naye alicheka.

Hoja ya pili ilikuwa ya upendo. Akimwambia, ataondoka. Sikuwa na jibu la hiyo. Inawezekana angeondoka.

Hoja ya tatu ilikuja Oktoba, na ilikuwa si hoja bali ombi. Alikuwa ameuliza bei. Kutafuta mbegu kwa darubini na ICSI hakungewezekana kwa mtu wa matatu ya mkopo. Lakini kuna jambo jepesi zaidi: manii huoshwa maabara, na kuingizwa kwenye kizazi cha mke kwa mrija mwembamba. Angemwambia Kawira kwamba daktari amesema wajaribu hiyo. Wangeenda Nairobi ambako hawajulikani. Na kikopo ambacho angekipeleka dirishani kingekuwa changu.

"Damu ni ile ile," akasema. "Wewe na mimi ni Njeru. Mathee atampata mtu wake. Kawira atapata mtoto. Nani ameumia? Na si hata zamani ndugu alikuwa anasaidia ndugu?"

Nilimwambia zamani mwanamke alijua ni nani ameingia nyumbani.

Lakini sikukataa siku hiyo, na hilo nalisema ili usidhani mimi ni mtu mwema kuliko nilivyo. Nililifikiria wiki mbili. Nilijiambia Waswahili wenyewe wamesema kitanda hakizai haramu: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa ndoa hiyo, na mtu asichunguze. Nilijiambia pia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Nyaga angelea. Niliziamini zote mbili. Bado naziamini. Naona mbegu ya kupewa ni njia halali kabisa ya kupata mtoto, na hata kama mtoaji ni ndugu, watu watatu wazima wakikaa chini na kukubaliana, ni nani wa kuwazuia? Kenya hatuna bado desturi iliyokomaa ya kuzungumzia haya. Mbunge Millie Odhiambo amesukuma muswada wa uzazi wa kusaidiwa toleo baada ya toleo, mwaka baada ya mwaka. Lakini sihitaji sheria kujua kwamba watu watatu kukubaliana si sawa na watu wawili kupanga juu ya mwili wa wa tatu.

Kilichonifungua macho ni ng'ombe. Nilikumbuka mama akicheka kwenye simu. Furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, na kitu alichokuwa akikifurahia hakikuwepo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikijiambia kwamba siri ya kuacha chuo ilikuwa yangu, maisha yangu, uamuzi wangu. Uamuzi ulikuwa wangu, ndiyo. Ila niliyoiuza haikuwa ng'ombe yangu. Siri yangu ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mtu ambaye hakuambiwa kwamba kuna kitu analipia.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na ndilo ninalotaka kulitetea mbele yako. Siri ya mwili wako ni yako mpaka pale mwili wa mtu mwingine unapoanza kuilipia. Nyaga angekuwa kapera, ningesema karatasi yake iende naye kaburini. Angemwambia Kawira na kuwaficha mama, tata na stendi nzima, ningemsaidia kuficha. Lakini tangu siku Kawira alipolala kwenye ile meza ya eksirei, haikuwa tena faragha. Alikuwa anatibiwa ugonjwa ambao mume wake alijua hana. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 45, inasema walio kwenye ndoa wana haki sawa. Sijui usawa gani unabaki mmoja akiwa na majibu na mwingine akiwa na mizizi kwenye chupa ya soda.

Na hili si jambo la nyumba yetu tu. Ukivuka Tana kutoka Embu unaingia Machakos. Huko Masii, mwaka 2016, Jackline Mwende alikatwa mikono yote miwili na mume wake baada ya miaka saba ya ndoa isiyo na mtoto. Watu wengi wanakumbuka picha. Wachache wanakumbuka alichoeleza mwenyewe kwa wanahabari: walikuwa wamekwenda hospitali wakapimwa, na tatizo likaonekana liko kwa mume, tena lingeweza kutibiwa, ila hakurudi kliniki. Nyaga hajawahi kumwinulia Kawira mkono, na simfananishi na yule mtu. Nafananisha hesabu. Karatasi ilikuwa na jina la mwanamume, na mwili uliotozwa ni wa mwanamke. Tofauti ni kiwango tu cha malipo.

Hata lugha yetu inasaidia hesabu hiyo. Sema "tasa" uone ni nani anayekuja akilini. Kuna neno "mgumba" ambalo lingeweza kubeba yeyote, lakini siku ya harusi hakuna mama anayemnong'oneza bibi harusi aangalie asije akawa anaolewa na mgumba.

Nilimwendea Nyaga na mambo matatu. Kikopo, hapana. Kumwambia Kawira, pia hapana, kwa sababu hiyo ni kazi yake na si yangu. Nikimpokonya hiyo nitakuwa nimeibeba siri yake kama mali yangu. Lakini Kawira akiniuliza tena, sitamjibu kwa vitabu. Na mama akimshambulia mbele yangu, sitatazama sahani. Alinitukana. Akaniambia nilipe miezi yake minane. Nikamwambia ningependa, ila alitaka nilipe kwa pesa ya Kawira. Hatukuongea hadi Desemba.

Tarehe 26 tulikuwa wote nyumbani. Mbuzi amechinjwa, watoto wa tata wanakimbizana. Mama alianza polepole, kama kawaida yake. Alisema mwaka umeisha na Njeru hajafika. Alisema labda huko Meru kuna watu huwafungia wasichana wao milango. Kawira alikuwa anaosha vikombe, na hakugeuka.

Moyo ulikuwa unanigonga mpaka masikioni. "Mami," nikasema, "Kawira amepimwa mara ngapi mwaka huu?"

Hakujibu.

"Na Nyaga je?"

Sikusema zaidi ya hapo. Nilikuwa nimetimiza nilichoahidi na nikajiona mwoga na msaliti kwa wakati mmoja. Nyaga alisimama, akachukua funguo, akatoka. Tulisikia mlango wa gari lakini hatukusikia injini. Baada ya muda Kawira aliweka vikombe chini, akajipangusa mikono, akamfuata.

Walikaa ndani ya matatu saa mbili. Yaliyosemwa humo niliambiwa baadaye na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kwenye jambo moja wamekubaliana. Nyaga alitoa bahasha, akamwambia yote, akangoja aambiwe kwaheri. Kawira hakuuliza kama kuna dawa. Hakuuliza watafanyaje. Aliuliza, "Tangu lini?"

Akamwambia Februari.

Anasema alimwona akihesabu kwa vidole. Februari, Machi, Aprili. Kwa Aprili alisimama.

Kesho yake alienda kwao Nkubu na akakaa wiki tano. Wakwe zetu hawakuambiwa sababu. Kawira aliwaambia amechoka, na hilo lilikuwa kweli. Alimfichia mume wake siri kwa watu wake mwenyewe, wakati ambapo angepata huruma ya kijiji kizima kwa sentensi moja. Nimeifikiria sana hiyo. Ndiyo faragha ninayoitetea: anayeujua ukweli ndiye anayechagua kuubeba.

Amerudi. Siwezi kukwambia kwamba mambo yako sawa, kwa sababu hayako. Alimwambia Nyaga kwamba kutokupata mtoto anaweza kulia akamaliza, lakini ile picha ya eksirei hajui ataiweka wapi. Wameenda kwa daktari pamoja mara mbili. Wameuliza kuhusu kuchunguzwa kwa darubini, wameuliza kuhusu mbegu za mtu wasiyemjua, wameuliza kuhusu kuasili. Mimi sijaulizwa kitu na nisingependa kuulizwa. Mama aliambiwa na Nyaga mwenyewe, Februari 2025, mwaka mmoja kamili. Alinyamaza siku nyingi. Halafu akampelekea Kawira kuku, akamwambia ni wa mayai, asimchinje. Hatujui kama ndio msamaha. Juzi alinitazama mimi, akaniuliza nina umri gani sasa, nikajua Njeru amehamia kwangu.

Kama unasoma hii na uko kwenye ndoa inayongoja, kipimo cha manii ni rahisi kuliko karibu kila kitu ambacho mke wako ameshafanyiwa. Hakikati, hakichomi. Ingefaa kiwe cha kwanza, si cha mwisho baada ya mizizi na makesha. Na ukipata karatasi, tarehe iliyoandikwa juu yake ndiyo siku utakayoulizwa.

Mwezi uliopita mteja alinitumia kazi ya kumi. Mada ni ile ile. Niliandika orodha yote, upasuaji, dawa, ICSI, halafu nikaongeza aya moja mwishoni: mwambie mkeo siku hiyo hiyo. Aliirudisha ameikata hiyo aya. Alisema haiendani na kile watu wanachotafuta.

Hii niliyoandika hapa Nyaga aliisoma kabla yako. Alitoa sentensi mbili na akaacha zilizobaki, hata ile ya kikopo, ambayo nilimwambia Kawira ataisoma. Akasema anajua, alishamwambia mwenyewe. Kawira naye aliisoma kwa simu, amesimama jikoni. Aliniomba nibadilishe jina lake, na nimebadilisha. Swali lake aliniomba niliache vile lilivyo.